Barua ya wazi: Ada ya chama cha wenye hoteli nayo ionekane kwenye ripoti

Kwa Mkuu wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji,

Mheshimiwa,

Bafuni mwa hoteli kubwa hukosi kukuta kadi inayomwomba mgeni alitundike taulo alitumie tena, ili kuokoa mazingira. Sina ugomvi na kadi hiyo. Ninachotaka kujua ni nani anayemlipa wakili anayepinga sheria ya kupunguza moshi wa boila, mtambo wa kuchemshia maji, iliyoko chini ya bafu hilo hilo.

Sibuni. Julai 2019 jiji la Berkeley, California, lilipiga marufuku mabomba ya gesi katika majengo mapya. Kabla mwaka haujaisha, chama cha wenye migahawa cha jimbo hilo kilikuwa kimeshafungua kesi. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikakipa ushindi, na mwaka uliofuata jiji likakubali kuifuta sheria yake. Aprili 2024 chama cha wenye hoteli cha Colorado kiliungana na vyama vya wenye nyumba za kupangisha kuishtaki serikali ya jimbo na jiji la Denver, kisa kanuni za matumizi ya nishati katika majengo makubwa. Kushtaki ni haki yao, na gharama ya kubadilisha mitambo ya jengo kuukuu si ya mchezo. Lakini mwanahisa anayesoma ripoti ya mwaka yenye picha za miti ana haki ya kuambiwa kwamba ada ya kampuni yake inaingia katika vyama vya namna hiyo.

Biashara ya hoteli ina kificho chake. Mara nyingi kampuni ambayo jina lake linang'aa juu ya paa si mwenye jengo. Imekodisha jina tu. Jengo ni la mwingine, na pengine anayeliendesha ni wa tatu. Mwenye jina anatoa ahadi ya tabianchi, boila ni ya mwenye jengo, na chama kinakwenda bungeni kwa niaba ya wote. Ukiuliza, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

Hesabu zenyewe si za kutafutwa. Marekani, kwa mfano, fedha za ushawishi, yaani za kuwabembeleza watunga sheria, hazipati nafuu ya kodi, hivyo chama huwaarifu wanachama ni sehemu gani ya ada imekwenda huko, au kinalipa kodi hiyo chenyewe. Mhasibu anayo tarakimu. Anayekosa ni mwanahisa. Tena kesi za mahakamani hazihesabiwi humo. Vigezo vya kimataifa vya ushawishi wa tabianchi, vyenye vipengele 14, wawekezaji walivitoa mwaka 2022, ila ni vya hiari, na kwa hiari tumeshaona mwendo wake.

Naomba utoe kanuni: kila kampuni ya hoteli na migahawa iliyo kwenye soko la hisa itaje vyama vyake, ada iliyolipa, msimamo wa kila chama kuhusu sheria za tabianchi hadi ngazi ya jiji, na kesi kilizofungua. Pale msimamo unapopingana na Mkataba wa Paris, ule wa mataifa kuhusu tabianchi, bodi ieleze imechukua hatua gani, na mkurugenzi mmoja aweke saini yake. Ianze na ripoti za mwaka ujao wa fedha. Kampuni itakayodai taarifa hizo hazipatikani idaiwe risiti ya ada yake.

Wako,
Mwanahisa mdogo