Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: makosa ya maabara huanzia kando ya kitanda cha mgonjwa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mteknolojia wa maabara niliyehudumu katika maabara za hospitali kwa miaka 19. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo ninalolileta limekwisha kuelezwa mara nyingi katika taarifa za ndani za maabara, na taarifa hizo huishia kwenye majalada. Kila panapotokea malalamiko juu ya majibu yasiyo sahihi, hatua zinazofuata hufanana: mashine mpya huagizwa, mtumishi mmoja wa maabara husimamishwa, na wakaguzi hutumwa kwenye chumba chenye mashine. Sina ugomvi na mashine mpya. Ninachoomba ni kwamba mwongozo wa ukaguzi wa hospitali urekebishwe, ili safari nzima ya kipimo, tangu daktari anapojaza fomu ya kuomba vipimo hadi anapoyasoma majibu na kuyafanyia kazi, iwe dhamana ya uongozi wa hospitali nzima.

Mwaka 1997 watafiti Mario Plebani na Paolo Carraro walichapisha uchunguzi walioufanya katika maabara ya vipimo vya dharura ya hospitali moja huko Padova, Italia. Katika vipimo 40,490 walibaini makosa 189. Asilimia 68.2 ya makosa hayo yalitokea kabla sampuli haijaingizwa kwenye mashine, asilimia 18.5 yalitokea baada ya kupima, na ni asilimia 13.3 tu yaliyotokea wakati wa kupima kwenyewe. Miaka kumi baadaye walirudia kazi hiyo kwa vipimo 51,746 na kukuta makosa 160. Makosa yalikuwa yamepungua, lakini yale ya kabla ya kupima bado yaliongoza kwa asilimia 61.9. Wenzangu wengi hupenda pia kusema kwamba asilimia 70 ya uamuzi wa madaktari hutokana na maabara. Takwimu hiyo sitaitumia, kwa kuwa ushahidi wake ni hafifu na hoja yangu haiihitaji.

Niruhusu nieleze kosa ambalo nilihusika nalo mwenyewe. Usiku mmoja nilitoa majibu ya potasiamu ya milimoli 8.4 kwa lita kwa mgonjwa aliyelazwa wodi ya upasuaji. Kiasi hicho kinaweza kusimamisha moyo, kwa hiyo nilipiga simu wodini papo hapo, na daktari wa zamu akaanza matibabu ya kuishusha. Mashine ilikuwa nzima na kontroli za usiku ule, yaani sampuli zenye kiwango kinachojulikana tunazopima ili kuhakiki mashine, zilikuwa zimekubali. Daktari bingwa aliyefika muda mfupi baadaye alitazama mwenendo wa moyo wa mgonjwa, akaona hauendani na namba ile, akaagiza damu ichukuliwe upya. Potasiamu ya pili ilikuwa 4.1. Ukweli ulijulikana kesho yake. Damu ilipokuwa haitoshi katika tyubu yenye kifuniko chekundu, aliyekuwa akiitoa aliijazia kwa kumimina kutoka tyubu ya zambarau. Tyubu ya zambarau ina EDTA, chumvi yenye potasiamu ambayo huzuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu, na ndiyo maana karatasi ya majibu ilikuwa na potasiamu ya juu kupindukia na, mistari michache chini yake, kalsiamu ya chini ambayo haikuweza kuwa ya mtu aliyeketi kitandani akizungumza. Alama ilikuwa mbele ya macho yangu. Nilipaswa kuiona na sikuiona, na barua ya onyo niliyopewa niliistahili.

Hata hivyo, baada ya barua ile mashine ilifanyiwa matengenezo ambayo haikuyahitaji, na hakuna aliyekwenda wodini kuuliza imekuwaje mtu ahitimu kutunza wagonjwa bila kuelezwa ndani ya tyubu za rangi hizo mna nini. Miezi minane baadaye kosa lile lile lilitokea katika wodi nyingine. Safari hiyo mwenzangu aliitazama kalsiamu kabla ya kutoa majibu.

Mheshimiwa Waziri, makosa ya namna hii yanajulikana kwa majina na kwa sababu zake, na karibu yote hayahitaji fedha nyingi kuzuiwa. Damu inayovutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, au inayotikiswa badala ya kugeuzwa taratibu, hupasuka chembe zake nyekundu na kumwaga potasiamu iliyokuwa ndani yake, kisha maabara hulaumiwa kwa kuikataa. Mpira wa kufungia mkono ukikaa zaidi ya dakika moja, protini na kalsiamu huanza kupanda. Damu ikitolewa juu ya mahali dripu inapoingilia, tunapima mchanganyiko wa damu na maji ya dripu, na kama dripu hiyo ina glukosi, mgonjwa asiye na kisukari hugeuka mgonjwa wa kisukari kwa muda wa saa moja. Kinyume chake, damu iliyoachwa mezani bila kutenganishwa hupoteza glukosi kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa, kwa kuwa chembe zake zinaendelea kuila. Tyubu ya bluu ya vipimo vya kuganda kwa damu imepangwa kwa sehemu tisa za damu na sehemu moja ya sitreti, kimiminika kinachozuia damu isigande. Isipojaa, damu huonekana inachelewa kuganda kuliko ilivyo kweli.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote hayo ni la jina. Tyubu zinazobandikwa lebo mezani kwa wauguzi kabla ya kumfikia mgonjwa, au zinazokusanywa mfukoni na kubandikwa baadaye, ndiyo njia kuu ambayo damu ya mtu mmoja huingia katika jina la mwingine. Mashine haiwezi kuligundua kosa hilo, kwa maana damu yenyewe ni safi na namba zake ni za kweli, ila ni za jirani. Katika kuongezewa damu, kosa la namna hiyo linaweza kuua ndani ya saa chache. Dawa yake ni kumtaka mgonjwa ataje mwenyewe jina lake kamili na tarehe yake ya kuzaliwa, kulinganisha na fomu, na kubandika lebo papo hapo kando ya kitanda. Kumuuliza mgonjwa, “Wewe ndiye fulani?” hakutoshi; mgonjwa mwenye homa huitikia jina lolote.

Sisemi kwamba ndani ya maabara mambo ni shwari. Mwaka 1947 watafiti Belk na Sunderman walionyesha, kwa kuzipelekea hospitali za jimbo la Pennsylvania, Marekani, sampuli zile zile, jinsi majibu yalivyotofautiana kwa kiasi cha kutisha. Mwaka 1950 Levey na Jennings walileta maabarani chati za udhibiti zilizokuwa zikitumika viwandani, zinazoonyesha siku hadi siku kama majibu ya kontroli yamo ndani ya mipaka, na mwaka 1981 James Westgard na wenzake wakaweka kanuni za kuzisoma. Hatua ya kupima ndiyo iliyosalimika zaidi kwa sababu ndiyo iliyopewa kanuni, chati na majaribio ya sampuli zinazotumwa kutoka nje ya maabara, na kwa sababu mtu alikuwa na jukumu la kuzitazama kila asubuhi. Hata huko tumejipatia tabia mbaya. Ukiweka mpaka wa kontroli kwenye mikengeuko sanifu miwili (mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika kandokando ya wastani), takriban kontroli moja kati ya ishirini itatoka nje ya mpaka hata kama mashine haina tatizo lolote. Mtumishi akizoea kengele isiyo na moto, hurudia kontroli mpaka ikubali, na siku mashine inapoharibika kweli huirudia vile vile. Wakaguzi wako huona chati nzuri isiyo na doa na kuipa alama za juu, ilhali mimi chati ya mwaka mzima isiyo na doa hunitia shaka.

Hapa pia lipo jambo lililo mikononi mwa Wizara moja kwa moja. Vitendanishi, yaani kemikali tunazopimia, vinapoisha na vingine vya mtengenezaji tofauti kuletwa bila muda wa kulinganisha vya zamani na vipya kwa sampuli za wagonjwa, namba zote huweza kusogea kidogo bila mtu kujua, na mgonjwa anayefuatiliwa kwa miezi huonekana amezidiwa au amepona. Mikataba ya ununuzi inaweza kuweka sharti la muda huo.

Kuhusu majibu yanayotoka, nitasema machache. Tangu daktari George Lundberg alipoeleza mwaka 1972 utaratibu wa kutaarifu mara moja majibu yanayohatarisha uhai, hospitali nyingi zimeuandika katika miongozo yake. Utaratibu huo hufa pale simu ya wodi inapokosa mpokeaji, au anapopokea mtu asiyerudia kwa sauti jina na namba aliyosomewa.

Kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ISO 15189, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2003 na la sasa mwaka 2022, kinazitaja hatua za kabla na baada ya kupima kwa uwazi. Lakini cheti cha ithibati hupewa maabara, na mkuu wa maabara hana mamlaka juu ya wodi. Ndiyo sababu naomba kila mkurugenzi wa hospitali awajibike kupokea kila mwezi idadi ya sampuli zilizokataliwa kwa kila wodi na sababu zake, idadi ya lebo zilizokosewa, na muda uliopita kati ya majibu ya hatari kutoka na daktari kuyapata, na kwamba wakaguzi waanze ziara yao wodini wakiifuata tyubu moja hadi mwisho wa safari yake. Naomba pia mtumishi anayeripoti kosa lake mwenyewe kabla halijagunduliwa asiadhibiwe kwa kuripoti. Tukiendelea kuadhibu, tutaendelea kupata taarifa zisizo na makosa, na taarifa hizo hazitakuwa za kweli.

Barua yangu ya onyo bado imo katika jalada langu la utumishi. Siombi iondolewe. Naomba iambatanishwe ukurasa wa pili, wenye maelezo ya ile tyubu ya zambarau, jina la mtu mwenye jukumu la kuwafundisha wanaotoa damu wodini, na tarehe ambayo mafunzo hayo yatafanyika.

Wako mtiifu,
Mteknolojia wa maabara ya hospitali