"Alijishughulisha na biashara ndogondogo"

Wiki mbili zilizopita mama mmoja alitoka dukani kwetu, tunapochapa vijitabu na picha za mazishi, akisema kwa sauti, mbele ya wateja wengine, kwamba tunatajirika kwa misiba ya watu. Siku ile sikumjibu. Mfiwa hajibiwi. Ila lawama yenyewe si ngeni, kila baada ya miezi miwili mitatu inarudi na mtu mwingine, kwa hiyo leo nimeamua kuieleza.

Familia yake ilituletea kazi ya kijitabu cha mazishi, kurasa 8, nakala 200: ratiba, historia ya marehemu, nyimbo, picha. Saa nne usiku tukawatumia nakala ya kusahihisha kwenye simu. Baada ya dakika mbili jibu likarudi, "Iko sawa, chapeni." Kurasa 8 kwa dakika mbili! Alfajiri tulikuwa tumeshakunja na kupiga pini. Saa moja asubuhi simu inaita: mtoto wa tatu hayumo.

Watu hudhani ukurasa mmoja ukikosewa unabadilishwa huo huo mmoja. Kijitabu cha A5 hakiko hivyo. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa hubeba kurasa nne, hivyo jina likikosekana ukurasa wa 3, unatupa pia wa 4, wa 5 na wa 6. Na pini unazing'oa moja moja kwa mkono, mara 200. Tulidai hela ya karatasi na tona, yaani wino wa mashine, tu, hela ya kazi hatukuigusa. Hapo ndipo tulipoitwa wezi.

Lakini kuna gharama nyingine ambayo watu hawaielewi, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Nimechapa historia za marehemu nyingi hapa Moshi, na sentensi moja nimeichapa mpaka nimeichoka: "Marehemu alijishughulisha na biashara ndogondogo." Mtu amefungua duka kila asubuhi kwa miaka thelathini, amesomesha, amejenga, ametibu wazazi kwa hela ya droo ile ile, halafu anapewa maneno matano. Shule aliyosoma inapewa aya nzima.

Sababu naijua. Historia huandikwa na msomi wa ukoo, mara nyingi mpwa au shemeji anayekuja na msafara kutoka Dar, anayeiandikia kwenye simu ndani ya basi. Anaiandika kama barua ya kuomba kazi: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu. Mwenye duka hakuajiriwa wala hakustaafu, kwa hiyo hana pa kukaa. Na anayemjua kuliko wote, mjane, amekalishwa ndani kwenye mkeka na hakuna anayethubutu kumuuliza kitu.

Kuna mzee aliyekuwa akiuza vipuri vya baiskeli: spoki, tyubu, gololi, minyororo ya Phoenix. Watoto wake walileta historia ya nusu ukurasa. Nikamwomba binti mkubwa anipeleke kwa mama yake kwa nusu saa tu. Mama hakusema mengi. Alimtuma mjukuu alete daftari la madeni.

Nimeona madaftari mengi ya mikopo, hata sisi tunalo. Hilo lilikuwa na safu ya tatu ambayo sijaiona kwingine. Kwanza jina, kisha deni, na baada ya hapo maneno kama "asidaiwe, mtoto anaumwa" au "akivuna." Ukurasa wa mwisho wa kila mwaka aliandika ada za watoto wake, shule kwa shule, na pembeni ya kila ada idadi ya tairi za kuuzwa ili itimie. Mama akaeleza kwamba Jumamosi alikuwa anafunga saa saba mchana, wateja waje wasije, kwa sababu ndiyo siku aliyokula na watoto wake meza moja. Wapinzani wake wa biashara waliijua ratiba hiyo, wakawa wanavuna wateja wake Jumamosi mchana. Alijua. Aliendelea kufunga.

Hayo yote hayakuwamo kwenye nusu ukurasa ule. Tuliyaandika, mama akasikiliza yakisomwa, akasahihisha mahali pamoja: si saa saba, ni saa saba kasoro, alikuwa anataka aoge kwanza.

Nusu saa hiyo na usiku uliofuata ndivyo vinavyoitwa "gharama ya uandishi" kwenye ankara yetu. Wengine huikata wakisema "sisi tutaandika wenyewe, nyie chapeni tu." Ni haki yao, na ukiandika vizuri mwenyewe nafurahi, kazi yangu inapungua. Ninachokataa ni kuambiwa baadaye kwamba kijitabu ni kikavu.

Sasa picha, maana huko nako watu hujaribu kuokoa elfu mbili wakapoteza elfu ishirini.

Picha ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa, upande wake mrefu unabaki na pikseli kama 1600. Kwa kijitabu inatosha. Kwa picha ya A3 ya kubebwa mbele ya jeneza, ambayo ili itoke safi kabisa inataka karibu pikseli 5000 upande huo mrefu, uso unakuwa ukungu, na hakuna mashine ya kuurudisha. Itume kama hati (Document), siyo kama picha. Kama ni ya zamani ya studio, ilete yenyewe tuiskani. Usiipige picha na simu juu ya meza, taa ya sebuleni itaingia kwenye paji la uso wa marehemu. Picha ya kitambulisho, tafadhali, iwe chaguo la mwisho kabisa.

Jambo lingine: picha ikichapwa hutoka nyeusi kuliko ulivyoiona kwenye simu, kwa kuwa kioo cha simu kinatoa mwanga na karatasi haitoi. Sisi huinua mwanga wa uso kidogo kidogo na kuchapa jaribio kabla ya nakala ya kwanza. Ukienda kwa wanaochapa moja kwa moja, marehemu atakuwa kivuli chenye meno.

Halafu kuna hili la kumvalisha mtu suti kwa kompyuta. Tunafanya, kwa sababu mnaomba, lakini silipendi. Yule mzee wa vipuri watoto walitaka avalishwe suti. Picha pekee iliyo safi alikuwa na koti la kazi lenye grisi kifuani. Mama aliona zote mbili akasema, "Huyu wa suti simjui." Tukatumia ya grisi. Mwingine tulimkata kutoka picha ya harusi ya mwanawe, kijana wetu akafuta mkono uliobaki begani kwake, akidhani amesafisha kazi. Mjane alipoiona akauliza, "Mkono wangu mmeupeleka wapi?" Tuliurudisha, na hilo hatukumdai mtu, kosa lilikuwa letu.

Kuhusu bei: nakala ya rangi kwenye karatasi nene ya gramu 130 kwa mita ya mraba haiwezi kulingana na fotokopi ya gramu 80. Usiku tunalipa vijana wawili na mafuta ya jenereta, maana umeme haujui kama kesho kuna mazishi kihambani, kwenye shamba la ukoo. Aliye na bajeti ndogo aseme mapema, tutamfanyia jalada la rangi na kurasa za ndani za wino mweusi tu, inapendeza vilevile.

Ukija, njoo na watu wawili: mmoja wa kamati mwenye hela na mmoja aliyeishi na marehemu nyumba moja. Lete majina yote ya watoto yameandikwa kwa mkono, wakiwemo wale ambao ukoo unanong'ona kuhusu wao, mlimalize nyumbani kabla ya kufika kwangu. Nakala ya kusahihisha isomwe kwa sauti, na siyo na aliyeiandika.

Jumapili tunafungua baada ya ibada ya pili. Usiku geti likiwa limefungwa, gonga dirisha la upande wa mtaro, kuna mtu.