Yah: Kitabu cha Athene kimekatwa picha, nataka pesa yangu yote

Habari zenu huko ofisini,

Nimeamua kuandika email kwa sababu kule watsapu kila nikiuliza najibiwa na mtu mwingine na kila mmoja anaanza upya "karibu mteja tukusaidie nini", kwa hiyo hii naomba isomwe na mtu mmoja mpaka mwisho.

Tangazo lenu lilisema ni juzuu ya kwanza ya The Antiquities of Athens ya Waingereza James Stuart na Nicholas Revett (kile cha michoro na vipimo vya majengo ya kale ya Athene, Ugiriki), toleo la kwanza, London 1762, picha zote zipo. Mimi hilo la picha zote zipo ndo nililolilipia. Mzigo umefika Dar salama, boksi zuri, jalada la ngozi safi, hapo sina neno, ila nafungua sura ya pili, ile ya hekalu la kando ya mto Ilissos, nakuta maandishi tu. Picha zimekatwa na wembe. Vimebaki vipande vyembamba kule ndani kwenye mshono, na pale palipopita wembe karatasi ni nyeupe kabisa wakati kingo zingine zote za kitabu zimeshakuwa rangi ya chai, sasa hiyo sio kazi ya zamani hiyo. Na ukurasa uliokuwa unatazamana na picha umenyonya wino, ukiuinamisha kidogo kwenye mwanga unaziona nguzo nne za mbele ya hekalu zimekaa pale kama kivuli.

Mwenzenu mmoja akanijibu eti nisijali, maandishi yapo yote na picha mtanitumia skani. Jamani! Skani ninazo kwenye simu, za bure. Picha hizi zilichapwa kwa bamba la shaba, ukipitisha kidole unaisikia kabisa ile alama ya bamba ilivyodidimia kwenye karatasi, hiyo skani inanipa wapi?

Halafu kati ya sura zote mkose hiyo. Stuart na Revett walifika Athene 1751 wakakaa miaka wanapima jengo moja moja mpaka vipande vya inchi, ndo maana walichelewa kutoa kitabu mpaka Le Roy wa Ufaransa, aliyeenda nyuma yao, akawahi kutoa chake cha majengo ya Ugiriki 1758 (kizuri kwa macho, lakini mimi nilitaka vipimo). Ingekuwa mmenikatia picha za Mnara wa Pepo (Tower of the Winds, nao umo kwenye juzuu hii) ningelia lakini mnara wenyewe upo, mtu anapanda ndege anaenda kuuona. Hekalu la Ilissos lilibomolewa 1778 enzi za utawala wa Waturuki, mawe yakaenda kujengea ukuta wa mji, kwa hiyo mtu anayetaka kujua lilikaaje anategemea michoro ya watu wachache waliowahi kulichora, na hawa wawili ndo waliolipima vizuri.

Sasa kuna jambo lingine ambalo mtanieleza wenyewe. Kwenye ukurasa wenu mnauza picha ya hekalu hilohilo peke yake, imetiwa fremu. Nimeivuta kwa karibu, kona ya chini ina tundu la mdudu. Kitabu changu kina tundu la mdudu kona hiyohiyo ya chini, limeanza sura ya kwanza na kutokea katikati ya maandishi ya sura ya pili. Sijasema mmekata nyinyi, pengine mlinunua hivyohivyo, ila aliyeandika "picha zote zipo" ni nyinyi.

Nataka pesa yangu yote pamoja na nauli ya mzigo, kwenda na kurudi. Kile kivocha cha punguzo mlichonitumia sikihitaji. Hiyo yenye fremu itoeni kwanza sokoni mpaka tulinganishe, picha za mshono, za kivuli cha nguzo na za tundu nimeziambatanisha hapa. Kitabu kipo kwangu nimekifunga vizuri, mjumbe wenu atakikuta pesa ikishaingia. Na anijibu meneja, sio watsapu.

Mteja wenu, Dar es Salaam