Barua kutoka Tangier

Tangier, Moroko
Jumatano usiku

Shoga yangu wa moyoni,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, ila magoti ya Baba Nasra. Mji huu umepanda juu ya vilima, na ule mji wa kale wanaouita medina ni ngazi na vichochoro mpaka mtu uchoke. Ameninunia kidogo, lakini barua hii nakuandikia wewe, si yeye.

Nianze na lile ulilonituma. Kaburi la Ibn Battuta, yule msafiri wa kale mzaliwa wa hapa, tumelifikia. Kwa vile uwanja wa ndege wenyewe unaitwa kwa jina lake, nilijua nitakuta kuba la kutisha na walinzi mlangoni. Kumbe ni kijumba cheupe kilichobanwa na nyumba za watu, kichochoro chake chembamba hata punda mwenye mzigo hapiti bila ya wewe kujibanza ukutani. Mlango tuliukuta umefungwa. Kijana mmoja alitutangulia kutuonyesha njia, kisha akasimama akikohoa mpaka Baba Nasra akaelewa na kuingiza mkono mfukoni. Na usinikasirikie, mwalimu: wapo wanahistoria wasioamini kwamba ni yeye aliyelala mle. Tulimsomea Fatiha hivyo hivyo. Kama siye, basi kuna maiti mwingine amefaidi.

Nilisimama pale nikifanya hesabu zako za darasani. Mtu ametoka hapa 1325, kijana wa miaka 21, anakwenda kuhiji. 1331 yuko Mombasa, anawaona watu wetu wakila ndizi na samaki, wakiosha miguu kisimani kabla ya kuingia misikiti yao ya mbao. Alilala usiku mmoja tu kwetu, shoga! Sifa zote akaenda kuzimwaga Kilwa, kwa Sultani al-Hasan aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Mimi bado namlaumu.

Adhuhuri tuliswali Msikiti Mkuu, jirani na kile kiwanja kidogo cha mikahawa kinachoitwa Petit Socco. Watalii wasio Waislamu hawaruhusiwi kuingia, kwa hiyo kwa mara ya kwanza siku ile kofia ya Baba Nasra ilitufaa. Akatoka akinong'ona kwamba jirani yake safuni alisimama mikono chini mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia hawa ni wa madhehebu ya Maliki, bwana, na huyo mzee wako wa kaburini naye alikuwa Maliki, akaja kwetu akatukuta Mashafii, na hakuna aliyegombana.

Msikiti huo umepitia mengi. Wareno waliuteka mji huu mwaka 1471, zaidi ya miaka mia moja kabla hawajajenga Ngome ya Yesu kwetu, na hapo penye msikiti wakaweka kanisa lao. Halafu sikiliza kioja: 1661 mfalme wa Uingereza akamposa binti wa kifalme wa Ureno, na bibi harusi akaja na Tangier na Bombay, kama mwingine anavyokuja na kabati na masufuria. Waingereza mji ukawashinda. 1684 wakabomoa gati waliyoijenga wenyewe na kuondoka, na ndipo Sultani Moulay Ismail akajenga msikiti tena. Baba Nasra, mtu wa bandari, katika kisa chote hicho aliumizwa na gati tu. "Walibomoa gati? Kwa nini gati?"

Maskini, bandari ndiyo aliyoijia. Tangu nyumbani anazungumzia winchi na makontena, apate cha kuwahadithia wenzake Kilindini. Tumefika kwenye ukuta wa kasbah, ile ngome ya kale juu ya mji, tukachungulia chini: boti za matajiri na feri za kwenda Hispania, basi. Mizigo imehamishiwa Tanger Med, bandari kubwa iliyofunguliwa 2007, kiasi cha kilomita 40 mashariki ya hapa. Uso ulimshuka, wallahi.

Chakula sitakutesa nacho sana. Asubuhi ni bissara, supu nzito ya maharage makavu iliyomwagiwa mafuta ya zeituni na bizari nyembamba. Mchana tulinunua barabarani kipande cha kalinte, unga wa dengu uliookwa ukawa laini kama jibini. Wanawake wa milimani nao huteremka na jibini yenyewe, nyeupe, juu ya majani, wamejifunga vitambaa vya mistari myekundu na myeupe na kofia pana za ukili zenye vishada vya sufu. Niliwatazama zaidi ya nilivyonunua, na mmoja wao akaniambia neno ambalo nashukuru Kiarabu changu cha madrasa hakikulifikia.

Alasiri ndiyo iliyomponya mume wangu. Kuna mkahawa uitwao Café Hafa, wa tangu 1921, uliokatwa ngazi ngazi kwenye jabali juu ya bahari. Unaletewa chai ya nanaa kwenye glasi, imejaa majani na sukari, na nyuki wanaijia kabla yako. Mbele yako ni mlango wa bahari wa Gibraltar, na ng'ambo ni Hispania; pale penye wembamba kabisa ni kiasi cha kilomita 14. Meli za kontena zinapita mfululizo, moja haijatoweka nyingine imetokeza. Baba Nasra akawa anazitaja kampuni kwa rangi tu, na vijana wa meza ya pili wakamsogezea viti.

Nao walikuwa wakitazama, lakini si meli. Mmoja alituuliza kwa Kifaransa na mikono kama tunavuka kesho. Feri ya Tarifa, mji wa Hispania wa ng'ambo, haichukui zaidi ya saa moja hivi. Tukamwambia hatuna viza. Akacheka, akajigonga kifua: naye pia. Nchi unaiona mpaka nyumba zake nyeupe, ruhusa ya kuikanyaga huna. Sisi tutarudi kwetu Ijumaa na habari yenyewe tutaisahau. Yeye kesho atakunywa chai hapo hapo, akiielekea.

Sasa jambo la haraka. Nimekuonea makubadhi ya ngozi ya njano, yamefunikwa mbele na hayana kisigino. Muuzaji ameshuka bei mara mbili na nadhani bado anayo ya kushuka. Nitumie saizi ya mguu wako kabla ya kesho adhuhuri, na useme ile ya kweli, si ile unayowaambia wauza viatu wa Marikiti. Mama nisalimie, na Nasra mwambie asiache chuo kwa sababu sisi hatupo.

Shoga yako,
Mama Nasra