Barua kwa Mama, Kisumu

Mpendwa Mama,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Texas. Watoto hawajambo, nami namshukuru Mungu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Kwamba mlifika kanisani Jumapili mkakuta wenzenu waliojitenga wameweka kufuli jipya, akina mama wakatandika leso chini ya mwembe wakasali hapo kana kwamba wao ndio walioasi, limeniuma sana.

Mama, jambo hili nimeliona huku. Kanisa la Muungano la Methodisti lilivutana miaka mingi kuhusu ndoa za jinsia moja. Mwaka 2019 likaweka kanuni: kanisa linalotaka kujitoa na majengo yake lipige kura, theluthi mbili wakikubali na madeni yakilipwa, liende. Kufikia mwisho wa 2023, makanisa zaidi ya 7,600 ya hapa Marekani yalikuwa yameondoka.

Wengi huhesabu waliotoka. Mimi huwawaza walioshindwa kwenye kura. Hawakuacha imani yao wala dhehebu lao, lakini walilala waumini wakaamka wageni. Jirani yangu mmoja, mjane ambaye mumewe amezikwa nyuma ya kanisa lake lililojitoa, alikaa nyumbani Jumapili na nguo zake za ibada, hana pa kwenda.

Kilichomsaidia si mahubiri kuhusu nani mkosaji. Kanisa la Methodisti la mtaa wa pili lilimtuma mtu amchukue kwa gari, likampa somo asome siku hiyo hiyo, na kazi yake ya kuandaa meza ya Bwana ikarudi mikononi mwake.

Kwa hivyo mwambie kaka afungue sebule yake pale Kondele msali humo mvua ikinyesha. Andikeni majina ya waliobaki, hasa wazee na wagonjwa, mtu awatembelee kabla ya Jumapili. Hati ya shamba la kanisa wakili aishughulikie, nyinyi msali.

Na waliotoka tusiwanunie, Mama. Babu alitusimulia ya 1957, kina mchungaji Ajuoga walipojitenga na Waanglikana na Johera, kundi lao la uamsho, likawa kanisa lake: bomani kwetu ndugu walisusiana hata matanga. Hilo naliona baya kuliko mgawanyiko wenyewe. Wakifiwa, nendeni, na sufuria zenu mbebe.

Ijumaa nitatuma pesa za kukodi viti na turubai, angalia simu. Mchungaji aliyebaki nanyi mpelekeeni unga na sukari, maana sadaka ya watu wachache haiwezi kumlisha na watoto wake.

Ni mimi mwanao.