Riwaya ya "1984" haiishii pale panapodhaniwa

Mhariri,

Asalaam aleikum. Wasomaji wengi hapa visiwani huifunga riwaya ya George Orwell, iliyotoka Juni 1949, kwa hasira, wakisema mwandishi kamzika Winston, mhusika wake mkuu, na matumaini yote pamoja naye. Hasira hiyo ina haki yake, sura ya mwisho inauma. Lakini wengi huifunga kabla haijaisha.

Tuanze mkahawani. Winston kakaa peke yake, saa tisa ya mchana, mbele yake sataranji na gilasi ya jini. Mhudumu anamjazia, kisha anamtilia matone machache ya chupa nyingine: sakarini yenye ladha ya karafuu. Sisi wa Pemba tone hilo hatuwezi kulipita hivihivi. Mafuta ya karafuu, hata ya makonyo, yaani vikonyo vyake, yana kemikali ya yujenoli kwa wingi, na ndiyo inayotia ganzi. Chovya pamba, igusishe jino bovu, maumivu yatatulia kwa muda. Ukizidisha, yanababua ufizi. Na tundu la jino liko palepale. Orwell anasema karafuu ile haikuweza hata kuifunika harufu ya jini, na machozi mawili yanayomtoka Winston mwishoni yananuka jini hiyohiyo. Mtu huyo katiwa ganzi. Naomba asisomwe kama aliyeridhika.

Juu ya vumbi la meza anaandika kwa kidole 2+2=5, hesabu ya uongo ambayo Chama kinachotawala kimemlazimisha aikubali. Mwenye nakala kuukuu ya wachapishaji Penguin aitazame vizuri, maana katika baadhi ya machapa ile 5 ilidondoka ikabaki 2+2= tupu, msomaji akadhani Winston bado anakataa. Hakatai.

Matumaini yako nyuma zaidi, kwenye kiambatisho kinachoeleza kanuni za Newspeak, lugha ya Chama. Ni kurasa chache, na watu huziruka kama vile ni kamusi. Zimeandikwa kwa Kiingereza cha kawaida, kwa utulivu wa mwanachuoni, na kwa wakati uliopita: lugha hiyo ilikuwa, maneno yake yaligawanywa mafungu matatu, A, B na C. Neno la mwisho kabisa ni mwaka 2050, ambao lugha hiyo ilipangiwa kushika kikamilifu. Kama Chama kilishinda, nani huyo anayeandika, tena kwa lugha iliyokusudiwa kufutwa? Book of the Month Club ya Marekani, klabu inayowauzia wanachama wake vitabu, ilipotaka kiambatisho kiondolewe, Orwell alikataa, na fedha zilizokuwa hatarini hazikuwa kidogo.

Hapo mfasiri wa Kiswahili ana kazi kubwa. Sentensi inayofunga hadithi, ya Winston kumpenda Big Brother, kiongozi wa Chama, akiiandika "alimpenda", msikilizaji atauliza: na sasa? Bora "akampenda", kwani -ka- hubeba yote yaliyotangulia, kipigo, panya aliotishiwa nao, kumsaliti mpenzi wake Julia. Kwenye kiambatisho asiiache -li-. Akiandika "lugha hii huondoa maneno", kwa hiyo hu- moja tu ameirudisha serikali ile madarakani. Penye 2050 ningechagua "ilitarajiwa kuwa ingekuwa imeshaenea", ingawa -nge- inaufunga mlango ambao Kiingereza kimeurudishia tu. Ningependa walimu wa Kiswahili wa Unguja na Pemba waseme kupitia ukurasa huu wao wangeandika nini.

Msomaji,
Chake Chake, Pemba