Kabla Thatcher hajaingia Ikulu ya Downing Street

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, mama anakusalimu sana.

Insha yako kuhusu Margaret Thatcher, yule aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, nimeisoma mara mbili. Unasema migomo ya majira ya baridi ya 1978 na 1979 ndiyo iliyompandisha madarakani. Ni kweli takataka zilirundikana mitaani London, na Liverpool wachimba makaburi waligoma. Ni kweli pia serikali ya James Callaghan wa chama cha Labour iliangushwa bungeni kwa kura moja, 311 kwa 310, na tarehe 3 Mei 1979 Thatcher akashinda uchaguzi. Lakini mgomo huiangusha serikali tu, haumwelekezi anayeingia afanye nini. Yeye alikuja na majibu tayari. Aliyatoa wapi?

Hapo ndipo nataka uchimbe. Vita vilipokwisha mwaka 1945, rubani mmoja, Antony Fisher, alisoma muhtasari wa kitabu cha mwanauchumi Friedrich Hayek, akamfuata chuoni kwake, London School of Economics, kumwambia anataka kuingia siasa. Hayek akamzuia: wanasiasa hufuata fikra zilizokwisha kuenea, kwa hiyo kashughulikie fikra. Fisher akafuga kuku wa nyama kwa maelfu, akatajirika, na mwaka 1955 akaanzisha Institute of Economic Affairs. Mwaka baada ya mwaka taasisi hiyo ndogo ilitoa vijitabu vya kutetea soko huria, wakati vyama vyote viwili vikubwa, Labour na Conservative, vilikubali kwamba migodi na reli ni mali ya serikali. Wasomaji walikuwa wachache, ila mmoja wao alikuwa Keith Joseph, mwanasiasa wa Conservative kama Thatcher. Mwaka 1974 yeye na Thatcher wakaanzisha kituo chao cha fikra hizo, Centre for Policy Studies, na Februari 1975 binti huyo wa mwenye duka la Grantham akamng'oa Edward Heath kwenye uongozi wa chama chao. Mwaka 1976 Uingereza yenyewe ikaenda kukopa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Watu walikuwa tayari kusikiliza.

Subira ile naiheshimu, sifichi. Fikra hizo hizo zilitufikia na sisi Tanzania mwaka 1986, serikali ya Mzee Mwinyi ilipokubaliana na IMF, na sisi wenye maduka tukapumua.

Ila waliolipa gharama umewapita haraka mno, na hilo limeniuma. Mwaka 1982 wasio na kazi Uingereza walizidi milioni 3. Wachimba makaa wa Yorkshire waligoma kuanzia Machi 1984, wakarudi kazini Machi 1985 bila makubaliano yoyote. Wakati huo huo, sheria ya 1980 ilikuwa imewaruhusu wapangaji wa nyumba za halmashauri kuzinunua kwa punguzo kubwa, na wengi walimshukuru Thatcher kwa hilo.

Kutoka hapo Leeds hadi Barnsley, mji wa wachimba makaa hao, si mbali kwa treni. Nenda kabla hujarudisha insha, ukawasikilize wazee, wala usiwakatize kwa takwimu. Watakuwepo walionunua nyumba na kupoteza kazi katika miaka hiyo hiyo. Habari zao ndizo ninazongoja kuzisoma.

Baba yako